Dubu wa Kushoto

Watu wa Ukumbi wa Hachiya walikuwa na msemo wao: ukimwona Muraoka anavuka daraja, jua daraja hilo limekaguliwa mara tatu. Walimtania hivyo mbele ya uso wake, naye akicheka nao, maana si uongo. Muraoka Seigo, mtu wa miaka arobaini na moja, alikuwa idara ya usalama kwenye kampuni inayotengeneza ngazi hapa mjini Hamamatsu. Nyumbani kwako kama kuna ngazi, geuza uone ile karatasi ya njano yenye maonyo kumi na manne. Kumi na moja kati ya hayo aliyaandika yeye, pamoja na lile linalosema usipande huku umebeba paka. Watu hulicheka, lakini yeye alikuwa na faili la paka huyo ofisini.

Sasa mtu wa namna hiyo, jioni akitoka kazini, alikuwa anakwenda kupigana. Kwenye mashine za gemu za ukumbi ule, lakini. Gemu lenyewe linaitwa Ulingo wa Wanyama, na kwa miaka kumi na tisa Muraoka alimchagua mnyama mmoja tu, dubu mpishi, yule mwenye aproni na mwiko mkubwa. Alimchezesha jinsi anavyoishi. Dubu alikaa chini, akajikinga, akangoja mwenzake akosee, akampa mwiko mmoja, akarudi kukaa. Kuruka hakuruki. Mtu anayeruka, alikuwa akisema, ameshaacha ardhi, na ardhi ndiyo kitu pekee ambacho hakijawahi kumdondosha mtu.

Kila mwisho wa Machi, ukumbi hupeleka timu ya watu watatu kwenye mashindano ya mkoa. Watatu hao huvaa fulana ya kijani yenye picha ya gyoza, lile andazi dogo la nyama, iliyovaa glavu za ngumi. Ni fulana mbaya, tusidanganyane. Lakini Muraoka aliitaka fulana ile kwa hamu aliyoona aibu kuisema hadharani. Miaka kumi na tisa, na kila mwaka alikuwa wa nne. Wa nne hana fulana. Wa nne anabeba chupa za chai.

Halafu Januari bosi wake akamwita. Kuanzia tarehe moja Aprili angehamia tawi la Asahikawa, kaskazini kabisa, kwenye theluji. Makampuni ya kwetu hayajadili uhamisho na mtu: unainama, unashukuru, unakwenda kutafuta makoti. Muraoka aliinama, akashukuru. Alimwambia mkewe Chinatsu, basi. Ukumbini hakusema neno.

"Wakijua wataniachia nafasi," alimwambia mkewe. "Fulana ya kuonewa huruma inawasha mwili."

"Ya kushinda inawasha pia. Ni ya nailoni hiyo," alisema Chinatsu.

Kwa hiyo ilikuwa Machi hii au basi tena. Nafasi mbili zilikuwa na wenyewe, daktari mmoja wa meno na mama mmoja wa posta, hao hawashikiki. Ya tatu ingegombewa na watu wawili tu Jumapili ya tatu ya Machi: Muraoka na Mama Isogai.

Mama Isogai Fumie alikuwa na miaka sitini na miwili. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, na alipostaafu vidole vikakataa kustaafu naye. Alikuja ukumbini siku moja kujikinga na mvua, na hakuondoka. Naye pia alimtumia dubu mpishi. Ila dubu wa Mama Isogai alikuwa juu tu. Aliruka akisogea mbele, aliruka akirudi nyuma, na akipigwa mara mbili ndiyo kabisa, anaondoka ardhini bila kuaga.

Na tuelewane jinsi wanavyokaa. Mashine zetu zimepeana migongo, kila mchezaji anakaa upande wake anaangalia kioo chake, na katikati kuna ukuta wa mashine. Humwoni mwenzako. Muraoka na Mama Isogai walikuwa wamepigana maelfu ya mara, na alichokuwa anakijua Muraoka zaidi ni ile sauti inayokuja juu ya mashine.

"Bwana Muraoka, umelala?"

"Nakungoja, mama."

"Endelea kungoja. Mimi niko huku juu."

Bwana Hachiya, mwenye ukumbi, alikuwa mtu wa haki na wa utaratibu. Utaratibu wake ulizidi kipimo. Kwenye usafi mkubwa wa kufunga mwaka alihamisha hata kaunta yake, akaitoa upande wa dirishani na kuipeleka upande wa chooni, ili aoshe sakafu iliyokuwa chini yake. Ikabaki hukohuko, kwa sababu mgongo wake ulikataa safari ya pili. Mtu huyu alitaka wagombea wote wawili wafundishwe sawasawa, asije mtu akalalamika. Akamwandikia Mwalimu Nezu.

Mwalimu Nezu aliwahi kuwa bingwa wa nchi nzima, miaka ishirini iliyopita. Sasa aliishi milimani kwenye mashamba ya chai, na kazi yake ilikuwa kusahihisha madaftari ya hesabu ya watoto wanaosoma kwa posta. Simu hakuipenda, barua pepe hakuitaka. Ukitaka akusaidie gemu, unamtumia rekodi ya mchezo wako kwenye bahasha, naye anaitazama na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, vilevile anavyomsahihisha mtoto aliyeshindwa kugawanya.

Basi kila Ijumaa jioni Muraoka na Mama Isogai walicheza, na Bwana Hachiya alirekodi. Kisha, akiwa amesimama kaunta, alitazama vizuri nani amekaa wapi, akaandika kwenye karatasi kwa mwandiko safi: Dubu wa kushoto, Muraoka. Dubu wa kulia, Isogai. Akaweka ndani ya bahasha, akabandika stempu bila kuipindisha. Alhamisi inayofuata posta ilimletea kila mmoja masahihisho yake, yamefungwa. Hayaonyeshwi kwa mpinzani, na hakuna aliyefikiria kuyaonyesha.

Muraoka alifungua ya kwanza nyumbani, Chinatsu akiwa anamenya chenza.

"Raundi tatu, umeruka mara thelathini na moja," iliandikwa kwa wino mwekundu. "Dubu ana kilo mia tatu. Nani alikudanganya kwamba ni panzi? Shuka chini. Ukipigwa mara mbili mfululizo unaruka bila kufikiri. Na kwa kuwa wewe mwenyewe uko juu muda wote, hujui kumzuia anayekuja kutoka juu. Huangalii juu kabisa."

Muraoka aliisoma mara tatu. Alijaribu kukumbuka. Ijumaa ile aliruka mara mbili, na moja ilikuwa chafya.

Chinatsu aliichukua karatasi, akaisoma, akaiweka mezani. "Wewe? Uruke? Baba Kaede, wewe hata mfereji wa barabarani unauzungukia."

"Mwalimu amehesabu."

"Kamhesabu nani?"

"Labda sijioni. Nyani haoni kundule."

"Si umuulize?"

"Mwalimu wa kalamu nyekundu haulizwi, Chinatsu. Ukimuuliza ni sawa na kumwambia amekosea."

"Na kama amekosea?"

Muraoka aliutazama mlango kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba aliyekuwa bingwa wa nchi nzima hakosei kuhesabu, kwamba mwalimu huona ndani kuliko mwanafunzi, na kwamba huenda mtu anaweza kuruka moyoni. Chinatsu akala chenza lake, maana na yeye alikuwa ameolewa miaka kumi na tano na alijua pa kuacha.

Mimi hapo ndipo ninapotaka kumshika mtu masikio. Kuuliza si ujinga, hilo hata mtoto analijua. Stempu moja, mstari mmoja: Mwalimu, una hakika ni mimi? Lakini nani kwetu angeandika hivyo? Hayupo. Sisi tukisahihishwa tunasema ndiyo, na tukisahihishwa kosa ambalo si letu tunalitafuta mpaka tulipate.

Ijumaa ya pili Muraoka hakuruka hata mara moja. Alicheza amekaza shingo, dubu ameganda sakafuni, hata chafya aliimeza. Upande wa pili Mama Isogai naye alikuwa amepatwa na jambo, maana dubu wake alizidi kupaa, na baina ya raundi alisikika akihema. Muraoka alimhurumia. Pengine na yeye anagombezwa huko, alifikiri.

Alhamisi majibu yakaja. "Nilisema uache kuruka. Umeruka mara hamsini na sita. Sijui kama hiki ni kiburi au ni ugonjwa."

Usiku ule hakula vizuri. Alikaa akaandika barua ya kujirudi, ile tunayoandika tangu shuleni mtu akikosa, kurasa mbili bila kufuta neno. Alikiri kwamba ni mzembe. Alikiri kwamba kuruka kwake kumeharibu muda wa mwalimu. Aliahidi kutafuta chanzo cha kuruka huko utotoni mwake. Ijumaa aliibandika plasta ile nzito ya kampuni, inayoshikilia ngazi zikisafirishwa, kwenye kijiti cha mashine yake, kile cha kumwongozea dubu, ili kijiti kisiweze kwenda juu hata shetani akikisukuma. Bwana Hachiya aliona, akafikiri ni mbinu, akaacha. Hata akawa anamwekea plasta ileile kila walipocheza.

Jibu la tatu lilikuja na tundu, mahali kalamu ilipotoboa karatasi. "Barua nzuri. Umeruka themanini na tatu."

Baada ya hapo mambo yakaenda vibaya. Kampuni ya ngazi, kama kampuni nyingine zote, huanza asubuhi kwa mazoezi ya redio, watu wote uani, mikono juu, mikono chini, na kuna mahali piano inapoharakisha na kila mtu anarukaruka. Siku ya kwanza Muraoka alisimama tuli katikati ya watu mia moja na ishirini wanaorukaruka. Bosi alimwita pembeni.

"Bwana Muraoka, unaumwa?"

"Hapana, mkuu. Nimekatazwa kuruka."

"Nani kakukataza?"

"Mwalimu wangu."

Kwa lugha yetu mwalimu na daktari huitwa kwa neno moja. Bosi alisikia daktari, au alitaka kusikia hivyo, maana ndilo jambo lenye fomu. Kesho yake Muraoka aliwekewa kiti uani. Akawa anafanya mazoezi ameketi, mstari wa mbele, na waajiriwa wapya wakimwinamia wakidhani ni mkurugenzi.

Wiki zilikwenda hivyo. Kila Ijumaa dubu mmoja aligandishwa zaidi na mwingine akapaa zaidi, na watu wakaanza kuja mapema ili wapate mahali pa kusimama. Kushinda walishindana sawa tu: leo huyu, kesho yule, maana aliyeganda hapigi na anayepaa halengi. Wiki moja kabla ya mechi, Bwana Hachiya alipokea kadi yenye mstari mmoja mwekundu: "Nakuja Jumapili. Nataka kuwaona kwa macho yangu hao punda wawili."

Muraoka aliambiwa. Aliogopa kushindwa, ndiyo, lakini alimwogopa zaidi yule mwalimu ambaye yeye alikuwa akimkosea kila wiki, bila kujua anamkosea vipi.

Jumapili saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa. Duka la jirani lilileta sahani za gyoza, zimepangwa duara na machipukizi ya maharage katikati. Mwalimu Nezu aliingia akiwa na buti za mpira zenye udongo wa shambani na kalamu nyekundu sikioni. Alikuwa mwanamke mfupi, na watu walimpisha upana wa gari. Hakusalimia. Alichukua karatasi ya Bwana Hachiya, akaisoma, akasimama chini ya kioo kikubwa cha watazamaji.

Dubu wakaingia ulingoni. Yule wa kushoto akaruka. Akaruka tena. Akaruka akiwa hajatua vizuri kutoka ile ya kwanza. Mwalimu Nezu alivumilia sekunde kama kumi na tano.

"Muraoka ni yupi?"

Wakamwonyesha. Akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya kiti chake na kumwekea kalamu shingoni.

"Unaruka tena."

"Mwalimu, sijaruka," alisema Muraoka.

"Nakuona hapa unaruka."

"Naomba radhi. Nitajitahidi."

Mwalimu Nezu alitaka kusema jambo jingine, kisha akaiona mikono yake. Aliiona plasta. Akaona kijiti hakiwezi kwenda juu, na mkono uliokishika hautingishiki. Aliinua macho kwenye kioo kikubwa, ambako dubu wa kushoto alikuwa hewani. Akaitazama mikono tena, akarudi kwenye kioo.

"Wewe ni dubu gani?" aliuliza.

"Wa kulia, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu miaka kumi na tisa iliyopita."

Mwalimu Nezu alizunguka mashine. Upande wa pili Mama Isogai alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, amekunja mikono ya blauzi, jasho linamtoka.

"Na wewe mama, nani kakutuma uruke hivi?"

"Si wewe?" alisema Mama Isogai. "Kila Alhamisi. Umeniandikia nimekaa kama kabati. Nikaruka. Ukaniandikia sasa hata kabati lina milango inayofunguka. Nikaruka zaidi. Juzi umeniuliza kama nimefariki. Mwalimu, magoti yangu yameisha, kwa maana nikiruka mle ndani naruka na kwenye kiti."

Watu wote wakamgeukia Bwana Hachiya. Yeye alikuwa kaunta, ameshika bahasha ya zamani, anatazama mashine. Kutoka hapo, Muraoka alikaa kushoto na Mama Isogai kulia, sawasawa na alivyoandika. Akatoka, akatembea polepole mpaka dirishani, mahali kaunta ilipokaa miaka thelathini, akageuka. Kutoka hapo Muraoka alikuwa kulia, kama dubu wake kwenye kioo. Kisha akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, kwenye sakafu ile ile aliyoiosha.

"Mimi ndiye," alisema akiwa hukohuko chini. "Tangu mwaka mpya nimekuwa nikitazama kutoka chooni."

Walimcheka, lakini walimwinua. Mwalimu Nezu alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokipata na kuanza kuhesabu kwa vidole ni makosa mangapi ya mtu mmoja ameyamwaga kwa mwingine. Bwana Hachiya, macho mekundu, alisema mechi hii haina haki tena. Watu wawili wamefundishwa kinyume kwa miezi miwili kwa kosa lake yeye. Alikuwa na pendekezo. Mwaka huu aende Mama Isogai kwa kuwa ni mkubwa kwa umri. Mwakani aende Bwana Muraoka moja kwa moja, bila mechi yoyote, na yeye Hachiya anaapa mbele ya wote.

Watu walipiga makofi. Pendekezo lilikuwa zuri, mtu hakosi usingizi kwa pendekezo la namna ile. Daktari wa meno alisema ndiyo hekima hiyo.

Muraoka alisimama na kuinama. Ndivyo mwili wake ulivyojua kufanya. Alikuwa ameinamia wateja, mabosi, uhamisho, na hata ile kalamu nyekundu iliyomsema kwa makosa ya mtu mwingine, na kila mara alipoinuka alikuwa amekubali. Akiwa bado ameinama aliona viatu vya watu vimemzunguka, akajua kwamba mwakani viatu hivi vitakuwa hapa na vyake havitakuwepo. Roho ikamuuma vibaya.

"Hapana," alisema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo ukumbini. Bwana Hachiya alimwomba arudie.

"Hapana. Mwakani mimi sipo. Nahamishwa Asahikawa tarehe moja. Nilijua tangu Januari, sikusema. Sitaki kupewa. Nataka tucheze sasa hivi. Nikipigwa nipigwe, lakini nipigwe hapa."

Mtu mmoja aliacha kutafuna. Sauti ya Mama Isogai ilipita juu ya mashine, taratibu.

"Unasema unaondoka lini?"

"Tarehe moja, mama."

"Haya, kaa chini nikupige."

Mwalimu Nezu aliamuru wabadilishane masahihisho kwanza, yote, akawapa dakika kumi. Muraoka alisoma yake kwa mara ya kwanza. "Unaogopa nini?" iliandikwa. "Hata ukiwa unashindwa unakaa unangoja, muda umekuwa mjomba wako? Wewe si mlinzi. Siku moja tu ondoka ardhini uone kama utakufa." Aliisoma masikio yakiwa moto, maana safari hii haikuwa na haja ya kutafuta moyoni. Ilikuwa yake yote.

Mechi moja, raundi tatu. Ya kwanza Mama Isogai aliichukua haraka, na bila huruma, kwa hilo Muraoka alimshukuru. Ya pili aliichukua yeye: mama alipigwa mara mbili, akasahau, akaruka, akakutana na mwiko.

Ya tatu ilikwenda sambamba mpaka zikabaki sekunde ishirini na tano. Uhai wa Mama Isogai ulikuwa umezidi kwa ukucha tu. Hapo alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu siku ile ya mvua. Alikaa chini. Dubu wake alijikunja, akajikinga, akatulia. Muda ukiisha hivyo, mwenye uhai mwingi ndiye mshindi, na fulana ni yake. Na alijua kwamba Muraoka atangoja, kwa sababu karatasi za Muraoka alizisoma miezi miwili akidhani ni zake, anazijua kwa moyo.

Muraoka naye akakaa. Dubu wawili wakaketi wanatazamana na miko yao. Ishirini. Kumi na tisa. Mtu nyuma alianza kucheka akazibwa mdomo. Kila kitu ndani ya Muraoka kilimwambia ngoja, atakosea, wewe ngoja. Ndipo akakumbuka kwamba na yeye anamjua mtu kwa moyo. Miezi miwili alijisomea kila siku kwenye treni, kama sala: hujui kumzuia anayekuja kutoka juu. Huangalii juu kabisa.

Akasukuma kijiti juu. Hakikwenda. Plasta.

Kumi na nne. Alishika ncha ya plasta kwa ukucha, ikakatika. Alijaribu tena upande mwingine. Ilikuwa plasta nzuri, imara, yeye mwenyewe ndiye aliyeipitisha kazini baada ya majaribio mia mbili. Tisa. Aliinama akaing'ata kwa meno, mbele ya watu wote, akavuta na kichwa, na ikabanduka kwa sauti ya nguo inayochanika. Sita. Na plasta ikiwa imening'inia mdomoni Muraoka Seigo alishika kijiti, akafumba jicho moja, akaruka.

Dubu wa kilo mia tatu aliondoka ardhini. Alikwenda juu kweli, aproni ikipepea, na Mama Isogai chini yake alikuwa amejikinga mbele, amejikinga miguuni, amejikinga kila mahali isipokuwa utosini. Mwiko ulishuka. Ukumbi ulisikia ule mlio, halafu ukumbi ukawa hausikii kitu kingine, maana watu thelathini walikuwa wanapiga kelele na sahani moja ya gyoza ilikuwa sakafuni.

Muraoka hakupiga kelele. Alikaa ameshika kijiti, anajaribu kutoa plasta kwenye sharubu. Bwana Hachiya alileta fulana ya kijani na kumvisha kichwani bila kumwomba asimame. Mwalimu Nezu alipita, akasema kwamba angeweza kuruka sekunde nane mapema na akaenda kutafuta gyoza ambazo hazijaanguka.

Kisha Mama Isogai alizunguka mashine. Alikuja mpaka mbele yake, akasimama, na hakuwa anatabasamu. Uso kwa uso hivyo, alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Umesema tangu Januari ulijua?"

"Tangu Januari, mama."

"Na kila Ijumaa ulikaa hapo. Mita moja kutoka kwangu."

"Sikutaka mnionee huruma."

"Huruma ya nani?" Alimpiga begani na yale masahihisho aliyokuwa ameyakunja mkononi, na mkono ulipotua haukuinuka tena. "Mimi mtu mzima, Bwana Muraoka. Silii upesi, nahitaji muda. Wewe umeniachia siku kumi."